Veterineri na Maswali Yake Matatu

Kabla ya kukusalimia, Veterineri alikuangalia viatu. Hakujali uso wako wala mkono uliokwisha kuunyoosha. Alivikagua viatu kana kwamba ndivyo vilivyokuja kumtembelea na wewe umevisindikiza tu. Halafu anauliza, "Hii viatu imetoka wapi?" Ukijibu kwamba umetoka sokoni, au umetoka kwa shemeji yako mwenye ng'ombe kule Busasamana, anakuonyesha beseni la maji ya dawa mbele ya mlango wake. Unakanyaga kwa mguu wa kulia, unakanyaga kwa wa kushoto, ndipo anakupa mkono na kukuuliza habari za watoto. Mke wangu alikuwa akisema kwamba Gisenyi nzima huyo ndiye mtu pekee anayebatiza watu kuanzia miguuni.

Namwita Veterineri, yaani daktari wa mifugo, kwa sababu ndivyo tulivyomwita wote pale Mbugangari, wakubwa kwa wadogo. Jina alikuwa nalo, tena zuri, lakini kwa niliyomtendea sioni kama nina haki ya kulitia mdomoni. Atakayesoma mpaka mwisho atanielewa.

Mimi ni mtu wa mbwa. Nilirudi Rwanda kutoka Karagwe, Tanzania, nikiwa na mke, binti mmoja na Kiswahili cha shuleni. Nikahangaika na biashara ya hiki na kile, mwisho nikagundua kwamba wenye nyumba za wageni kando ya ziwa wanatafuta mbwa wa ulinzi na hawajui pa kuwapata. Nikajenga vibanda sita nyuma ya nyumba yangu. Tulikuwa pia na ng'ombe mmoja, Gaju, ambaye kusema kweli alikuwa wa mke wangu, Mama Aline. Kwa hiyo kwa miaka kumi na moja Veterineri aliingia uani kwangu mara nyingi kuliko ndugu zangu wa damu.

Yeye alikuwa amerudi kutoka Congo, na Kiswahili chake kilikuwa cha Goma, kile kisichojisumbua na ngeli. "Mutanzania," aliniambia siku za mwanzo, "weye unaongeaka kama redio." Nami nikamjibu kwamba yeye anaongea kama mtu aliyesahau nusu ya maneno ng'ambo ya bariere ya mpakani. Alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo akaniita Mutanzania, hata mbele ya watu, na mimi nilipenda.

Alivaa tai. Sijui nani alimfundisha kwamba daktari wa ng'ombe anahitaji tai, lakini alikuwa nayo, ya rangi ya damu ya mzee, na chini yake mabuti ya mpira. Akienda kumtoa ndama tumboni aliigeuza tai ikaning'inia mgongoni, akakunja mikono ya shati, akamaliza kazi, akanawa, kisha akairudisha kifuani kabla hajapokea chai. Usiku Gaju alipokwama na ndama aliyekaa vibaya, Veterineri alifanya kazi mkono wake ukiwa umezama mpaka begani, shavu lake limebanwa kwenye ubavu wa ng'ombe, huku akimnong'oneza Kinyarwanda cha kubembeleza ambacho sijawahi kumsikia mtu akimwambia hata mkewe. Wote wawili walipona, Gaju na ndama wake. Mama Aline hakuisahau siku hiyo, na ukitaka ugomvi nyumbani kwangu, msengenye Veterineri.

Kwa masharti alikuwa mgumu kama jiwe la volkano. Mchungaji mmoja aliyefuga nguruwe alidhani cheo chake kitamvusha, akasimamishwa kwenye beseni kama sisi, kanzu ameikusanya mkononi. Mnyama mgeni, kwa Veterineri, hakuwa na haki ya kuonana na wenyeji wake. "Siku kumi na ine peke yake," alisema. "Sahani yake, maji yake, fagio yake. Unamuchungulia tu kama bibi-arusi." Nikamtania kwamba kwetu Karagwe mgeni anakalishwa na wenzake na kupewa chakula. "Njo maana mulikuyaka huku," akasema.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni jinsi ugumu wote ule ulivyoyeyuka mtu alipokuja kumwambia kuna ugonjwa. Alikuwa na daftari la shule lenye jalada la bluu. Ukimletea habari ya mnyama anayeumwa, alilifungua, akachora mstari kwa rula, akauliza maswali matatu, yale yale siku zote. Mnyama alitoka wapi? Mambo yalianza siku gani? Nani alimgusa? Aliandika unachosema. Hakukunja uso, hakuguna, hakusema mbona umechelewa. Mwisho alisema, "Asante kuripoti," akafunga daftari, na kazi ikaanza.

Nilikuwepo siku alipokuja mtu mmoja wa Bugeshi akiwa amekunja kofia mkononi. Alikuwa amepitisha mbuzi watatu mpakani kwa njia za miguu, chini kwa chini, bila karatasi, na sasa walikuwa wanatokwa na makamasi, na mbuzi wa jirani wameanza. Nilingoja radi. Veterineri aliuliza maswali yake matatu, akaandika, akamwambia asante kuripoti. Yule mtu alipoondoka nikamwuliza kwa nini hakumshitaki.

"Mutu ukimupiga haya mbele ya batu, kesho anaficha," akasema. "Na ugonjwa, Mutanzania, inapendaka sana kufichwa."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kutikisa kichwa ni rahisi.

Sasa niseme jambo ambalo Gisenyi ni wachache walilijua: Veterineri aliogopa mbwa. Simaanishi kwamba hakuwapenda tu, kama wengi wetu huku tusivyowapenda. Aliwaogopa. Siku za chanjo aliingia uani kwangu jasho limemjaa juu ya mdomo, akiimba wimbo wa kanisani kwa pua, ubeti mmoja tu, tena na tena. Mimi nilimshika mbwa, nikamfunga mdomo kwa utepe, nikamgeuza ubavu. Yeye alichoma sindano huku amefumba jicho moja. Akimaliza na wote sita alitoka uani kinyumenyume, akiwapa mbwa uso, tai ikitetemeka. Hakuwahi kumwacha hata mmoja bila sindano. Niliwahi kumwuliza yaliyompata, akasema kila mutu iko na yake. Sikumtangaza kwa watu. Niliitunza hofu yake, na mbele ni lazima niseme niliitunza kwa ajili gani.

Nilikuwa na mbwa aitwaye Bobi, wa kahawia, kifua cheupe. Sikio lake la kushoto liliwahi kuchanwa katika ugomvi na Veterineri akalishona kwa nyuzi saba, kazi iliyomchukua wimbo mzima, beti zote. Bobi alikuwa na kadi yake ya chanjo, imejazwa na kusainiwa mwaka hadi mwaka. Mwenye nyumba moja ya wageni alimtaka, tukapatana, nikaahidi Ijumaa. Wiki mbili kabla ya Ijumaa hiyo, lori la viazi likamkanyaga Bobi njiani. Nilimzika nyuma ya vibanda, na kadi nikaiacha mfukoni.

Jumanne, siku tatu kabla ya Ijumaa ile, nikampata mwingine. Mtu mmoja wa Busasamana alikuwa amemleta kwa zile zile njia za miguu, mbwa wa kahawia, kifua cheupe, mkubwa kama Bobi. Ungeweza kuapa ni ndugu. Nilipaswa kumweka peke yake siku kumi na nne, nimwite Veterineri, apate chanjo yake na kadi yake. Lakini nilikuwa nimeahidi Ijumaa, na kadi nilikuwa nayo. Nikajiambia, mbwa ni mbwa.

Mama Aline ndiye aliyemwosha. Alikuwa amejikata kidole akimenya viazi, na alipokuwa akimsugua, yule mbwa akageuka akamlamba mkono, na kidonda kile kikalambwa pamoja nao. Mimi nilikuwa nimesimama pale na taulo. "Huyu ana adabu kuliko marehemu Bobi," akasema, akafuta mkono kwenye kitenge. Alhamisi akapanda basi kwenda Kigali, kwa binti yetu Aline aliyekaribia kujifungua. Angekaa miezi mitatu.

Ijumaa asubuhi mnunuzi akasema anataka karatasi ya Veterineri, kwamba mbwa amechanjwa na ni mzima. Veterineri hakuwa mtu wa kusaini karatasi ya mnyama ambaye hajamwona. Nilimvizia barabarani mvua inanyesha, yuko juu ya pikipiki yake, anawahi ng'ombe aliyekwama kuzaa huko juu. Nikamwonyesha kadi. "Ni Bobi," nikamwambia. "Unamjua, umemshona mwenyewe." Akasita. Akasema, "Bon, tumuone kwanza." Hapo nikasema nililolitunza miaka yote: "Sawa, twende nikamtoe kibandani. Ila leo yuko mkali, na utepe wa mdomo umekatika."

Nilimwona akimeza mate. Alinitazama, akatazama njia ya kwenda kwa ng'ombe wake, akaweka karatasi juu ya tangi la pikipiki na kusaini. Nilimshukuru. Nilimfunika hata kwa mwavuli wangu ili wino usilowe.

Jumatano iliyofuata yule mbwa alimng'ata mlinzi wa nyumba ya wageni mguuni. Mbwa alikuwa hajala tangu Jumatatu, mate yanamtoka, sauti imemkauka. Walinzi wengine wakampiga wakamwua. Mimi na Veterineri tulifika karibu pamoja. Hakumtazama mbwa kwanza. Alimkalisha mlinzi kwenye bomba la bustanini, akamwosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa kwa saa yake ya mkononi, ameushika ule mguu mwenyewe, tai imeloa. Nikasogea nikasema, "Veterineri, huyu mbwa ana kadi."

"Kadi haina meno," akasema, bila kuinua kichwa.

Alipomaliza alivaa glavu akamwinamia mbwa. Wimbo hakuimba. Aliinua sikio la kushoto, akalitazama, akalilaza. Akainua la kulia, akalilaza nalo. Masikio yote mawili yalikuwa mazima, hayajawahi kuonja uzi. Akanyanyuka, akanitazama, akasema, "Bon." Basi. Akampakia mlinzi kwenye pikipiki kwenda kuchomwa sindano zake, na kichwa cha mbwa kikapelekwa maabara kwenye ndoo ya barafu. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba alikuwa anatafuta kupe masikioni.

Jioni alikuja kwangu na daftari la bluu. Nani alimgusa? Nikasema mimi peke yangu. Majibu yalipokuja na kusema ni kichaa cha mbwa kweli, akaja tena. Nani alimgusa? Mimi peke yangu. "Na Mama Aline?" Nikasema yuko Kigali. "Tangu siku gani?" Nikasema tangu mwezi uliopita. Aliandika. Akaninyanyua kitini, akanipeleka kituo cha afya kama mtoto, nikachomwa sindano ya kwanza, na zile zilizofuata alikuja kunikumbusha zote. Kisha akaja mara ya tatu, akasimama getini bila kuingia. "Mi nauliza tena," akasema. Nami nikajibu tena.

Mtu atauliza kwa nini. Ningeweza kusema mke wangu alilambwa kidonda na nikaishia hapo. Lakini Mama Aline hajui kudanganya. Angefika kituo cha afya Kigali, wangemwuliza mbwa gani, wa tangu lini, naye angesema kwa sauti yake ya kanisani: wa kahawia, aliletwa Jumanne, kwa sababu Bobi alikufa. Na habari ingerudi Gisenyi kabla ya chanjo kukauka mkononi mwake. Kwa hiyo mimi nilichanjwa na yeye hakuchanjwa. Nimeiandika sentensi hiyo, naitazama, sina cha kuipamba.

Nilijua, kwa kufundishwa na Veterineri mwenyewe, kwamba mtu akipatwa na kichaa cha mbwa moja ya dalili ni kushindwa kunywa. Maji yanamwogopesha, koo linafunga. Nilijua pia kwamba dalili zikianza hakuna dawa. Basi nikaanza kupiga simu. Kila asubuhi na kila jioni, kwa miezi mitatu. "Umekunywa chai?" nikamwuliza. "Nimekunywa." "Imeshuka vizuri?" Akacheka. "Mzee, tangu umenioa hujawahi kuniuliza mambo haya." Nikamwambia nimemkumbuka. Aliporudi, mzima, ana mjukuu kwenye picha za simu, aliwahadithia kina mama wa kwaya jinsi mume wake alivyogeuka kuwa na mapenzi uzeeni. Wao wakawaambia waume zao. Nimewahi kusimamishwa sokoni na mwanamume ninayemfahamu kidogo, akanilalamikia kwamba nimewaharibia.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ule wa majibu, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tuliketi kwenye mkutano na majembe yetu. Mtu mmoja akasimama akauliza mbwa mwenye kadi na sahihi anapataje kichaa. Mwingine akasema inaonekana chanjo iliachwa juani, imeoza, wamekuwa wakichomewa maji. Minong'ono ikapanda. Nilikuwa kwenye benchi la pili. Veterineri akasimama, akaiweka sawa tai.

"Sahihi iko yangu," akasema. "Nilisaini bila kuona munyama. Kosa iko yangu. Lakini dawa ni muzuri, munisikilize, dawa ni muzuri, mulete mbwa zenu."

Hakutazama upande wangu hata mara moja. Nilitazama udongo kwenye jembe langu na nikaanza kuubandua kwa ukucha, kwa makini kabisa, kama mtu aliyeitwa pale kwa kazi hiyo.

Hawakuleta mbwa zao. Kampeni ya chanjo iliyofuata alikaa uwanjani tangu asubuhi na kisanduku chake cha baridi, na waliofika walihesabika. Mimi nilipeleka wangu wote. Nilijivunia hilo kwa siku kadhaa, Mungu anisamehe. Baadaye akahamishiwa huko juu Bugeshi, kwenye baridi, na baada ya muda akastaafu huko huko. Vibanda nikavifunga. Watu waliponiuliza niliwaambia mgongo unauma. Mama Aline nilimwambia yule mbwa wa Jumanne alikwenda kwa mtu wa mbali, naye hakuwa mtu wa kufuatilia habari za mbwa.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Mwezi uliopita Mama Aline akasikia kwamba Veterineri anaumwa kifua na anaishi peke yake. "Mtu aliyemwokoa Gaju, nasi hatujamjulia hali," akasema. "Huoni haya?" Nikasema mgongo. Akasema mgongo utakaa kwenye gari. Akajaza kikapu kwa ndizi na maparachichi, na maziwa kwenye dumu dogo, tukapanda.

Nyumba yake iko kando ya shamba la viazi, na volkano imesimama nyuma yake karibu sana. Beseni lilikuwa mbele ya geti. Tulikanyaga, kulia, kushoto. Alitoka amejifunga koti zito, amekonda, na chini ya koti tai ilikuwepo. "Mama Aline," akasema, "weye ulikuya mpaka huku na miguu yako?" Akamshika mikono yote miwili. Mimi akaniangalia viatu, halafu uso. "Mutanzania. Karibu."

Tulikunywa chai kwa viazi vya kuchemsha. Wakaongea habari za Gaju na wajukuu. Nikaanza kuamini kwamba siku itapita. Kabla chai haijaisha akaja jirani, mama mmoja amejitanda mtandio, akasimama mlangoni: mbuzi wake ana malengelenge mdomoni, naye, samahani sana, alikuwa amemleta kwa njia ya miguu. Veterineri, aliyestaafu, asiye na wajibu tena, alinyoosha mkono juu ya kabati akachukua daftari la bluu. Rula. Mstari. Alitoka wapi, yalianza siku gani, nani alimgusa. Akamwambia amtenge leo leo, naye atampigia simu daktari wa sasa. "Asante kuripoti," akasema, na yule mama akaenda zake uso umemlegea.

Veterineri hakufunga daftari. Alichora mstari mwingine chini ya ule. Kalamu ikakaa juu ya karatasi.

"Na weye, Mutanzania? Iko kitu ya kuripoti?"

Mama Aline akacheka, akidhani ni utani wetu wa zamani. Ningeweza kucheka naye. Nilifungua kinywa nicheke, kikatoka kingine.

"Mbwa," nikasema.

"Ilitoka wapi?"

"Alipitishwa kwa njia ya miguu, nikamnunua Busasamana. Hakuwa Bobi. Bobi alikuwa amekufa. Nilitumia kadi yake."

Aliandika. Hakuguna. "Ile najua," akasema kwa upole. "Nilishona ile sikio mi mwenyewe. Nilikuwa nangoja uniletee."

"Miaka mitatu?"

"Ripoti ya mutu haiandikwe na mutu mwengine. Ilifika kwako siku gani?"

"Jumanne. Siku mbili kabla Mama Aline hajakwenda kwa Aline."

Nilisikia kikombe cha mke wangu kikigusa kisahani. Veterineri naye akainua macho kutoka kwenye daftari, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona hakuwa na hakika na kinachofuata. Wakati ule nilimwambia mke wangu ameondoka tangu mwezi uliopita, naye aliniamini. La sikio alilijua. Hili hakulijua.

"Nani aliigusa?" akauliza.

"Mlinzi. Mimi." Kalamu haikwenda. "Na mke wangu. Alimwosha. Alikuwa na kidonda kidoleni, mbwa akakilamba."

Aliandika, polepole, jina la Mama Aline, herufi moja moja. Ilimchukua muda. "Mi nilisaini," akasema, kama anajisemea. "Angekufa, sisi wawili njo tungekuwa tumemuua." Halafu akamgeukia. "Mama, kesho asubuhi unaenda kituo ya afya, unabaambia yote. Miaka imepita, uko muzima, lakini unabaambia." Kisha akanigeukia mimi, na alisema kwa sauti ile ile aliyomwambia mama wa mbuzi. "Asante kuripoti."

Nililia. Mzee mzima, mbele ya sahani ya viazi. Hakuna aliyeninyamazisha.

Mama Aline alikuwa anakitazama kidole chake, kile cha mkono wa kushoto, chenye kovu dogo jeupe ambalo huwezi kuliona kama hulitafuti.

"Kwa hiyo zile simu," akasema. "Kila asubuhi. Kama nimekunywa chai."

"Ndiyo."

"Kama imeshuka vizuri."

"Ndiyo, Mama Aline."

Halafu akamalizia chai iliyobaki kikombeni, yote, akinitazama juu ya ukingo wa kikombe mpaka tone la mwisho. Akakiweka chini, akamuaga Veterineri kwa mikono yote miwili, akachukua kikapu. Getini akakanyaga beseni, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, akashika njia ya kuteremka bila kunisubiri.